Waya wa Kinuthia

Kisumu, Jumapili mchana

Akeyo, binti yangu,

Sitakuuliza hali, maana nakusikia hapo uani ukicheka na mama yako huku mnafunga sanduku. Mimi niko huku gereji, nimejifungia na kuweka jeki nyuma ya mlango. Watu wako kanisani, hakuna wa kuja kuniuliza kama pancha yake imekwisha. Nimekaa juu ya ndoo ya grisi, daftari magotini. Kesho utapanda gari moshi kwenda Nakuru, na habari za sweta, sabuni na wanaume wa kwenye behewa mama yako ameshakuambia mara saba. Hayo sina la kuongeza.

Utashangaa kuona nimeandika Kiswahili. Sisi tukigombana tunagombana kwa Dholuo, na tukipatana tunapatana kwa Dholuo. Nina sababu yangu na nitaisema kabla sijamaliza.

Kwanza nikuambie jambo unalolijua ila kwa heshima hujalitamka. Nina wivu. Tangu siku uliyonionyesha barua ya Kinuthia, kwamba amekubali kukufundisha ufundi wa magari kwenye gereji yake, chakula hakinipiti. Ukitaja jina lake ni kama mtu amenikanyaga kidole. Kinuthia ameandika hivi, Kinuthia amesema nije na ovaroli mbili. Ovaroli mbili! Mimi ni fundi katika mji huu tangu hujazaliwa, na binti yangu anapanda gari moshi kwenda kufundishwa na mtu mwingine. Na sina wa kumlaumu, kwa sababu uliniomba mimi kwanza.

Ulikuja hapa mlangoni ukasema, "Baba, nataka kazi yako." Nilicheka. Nikakuambia gereji si jikoni, nikakupeleka kusomea taipu. Ulienda kwa adabu, ukamaliza, ukarudi na cheti, ukakiweka mezani mbele yangu. Jioni ile ile ukawa chini ya gari la mwalimu mkuu, unachungulia difu, zile giya za ekseli ya nyuma. Nilikuona na nikapita kama sikuona. Sasa nitakuambia kwa nini nilikukataza, na si kwa sababu wewe ni msichana, ingawa hiyo ndiyo niliyowaambia watu na hata mama yako.

Habari yenyewe inaanza na ule waya mnene unaoning'inia kwenye msumari juu ya benchi, uliojikunja kama nyoka, wenye vitambaa vyekundu. Umeutazama tangu utoto. Wateja wakiuliza huwa nasema huo ni waya wa ile Landrova ya Muhoroni, yenye mabomba mawili ya moshi, kazi yangu iliyonipa jina. Ulikua ukisikia hivyo. Shuleni uliwaambia wenzako baba yako alipitisha ekzosi mbili chini ya Landrova na haijawahi kugusa jiwe. Mwalimu wako aliniambia, na nilitembea kutoka pale shuleni nimejaa kifua.

Waya ule si wangu, Akeyo. Ni wa Kinuthia.

Yeye alikuja Kisumu mwaka wa pili baada ya Uhuru, kutoka milimani kwa Wakikuyu, na sanduku la mbao la vifaa na kofia ya sufu asiyoivua hata jua la saa saba likiwaka. Tulipanga gereji hii hii, yeye upande wa ukuta, mimi upande wa barabara. Alikuwa haongei. Mimi unanijua, naongea hata na nati. Mteja akileta gari mimi namweleza ugonjwa wote tangu ulipoanza, na dawa zake, na jirani aliyekuwa na ugonjwa kama huo. Kinuthia anainama, anasikiliza injini, anafunga boneti, anasema, "Kesho." Na kesho yake gari linatoka. Haukupita mwaka, watu wakawa wanapita upande wangu wa barabara, wananisalimu vizuri sana, "Mzee Ogola, habari ya siku nyingi," halafu wanaenda ukutani. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi mwenyeji sikupona, nilianza kuugua.

Basi akaja Bwana Harbans, mkulima wa miwa kule Muhoroni. Alikuwa na Landrova ambayo injini yake ilikuwa imekufa, na alikuwa amenunua injini kubwa ya gari la Kiamerika lililopinduka karibu na Awasi. Silinda nane, nne kushoto nne kulia. Alitaka tumwekee hiyo ndani ya Landrova, apate nguvu ya kuvuta trela za miwa zilizozama kwenye tope jeusi la Kano. Wewe unalijua tope hilo, mama yako ni wa huko. Alitupa kazi sisi wawili pamoja.

Kuiweka injini ilikuwa kazi ya jasho tu. Kazi ya akili ilikuwa ekzosi. Injini ya namna ile inatoa moshi pande zote mbili, kwa hiyo inataka mabomba mawili mpaka nyuma, na chini ya Landrova hakuna nafasi hata ya panya kulala. Katikati kuna giaboksi. Upande wa kulia kuna usukani, kuna propela inayozungusha magurudumu ya mbele, na chini ya kiti cha dereva kuna tangi la petroli. Bomba la moshi linawaka moto, huwezi kulilaza kando ya petroli. Na likining'inia chini sana, jiwe la kwanza litaling'oa.

Mimi nilichora kwa chaki hapa hapa sakafuni. Bomba moja kushoto, moja kulia, yametoka nyuma sawasawa kama pembe za ng'ombe. La kulia lingepita kando ya tangi, ndiyo, lakini ningelikinga kwa bati. Nilipenda sana mchoro wangu. Nilishaona watu wamesimama sokoni wakitazama Landrova ikipita na pembe zake mbili, wakiulizana ni fundi gani. Bwana Harbans naye aliupenda. Kinuthia aliutazama, akachukua waya mnene wa kupimia njia ya bomba akaingia chini ya gari.

Alikaa huko siku nzima, chali. Unaingia waya, unatoka, anaupinda kidogo, unaingia tena. Ukigusa kitu anautoa, anaupinda. Kila mahali bomba lingehitaji kuning'inizwa alifunga kitambaa chekundu. Mimi nilikuwa nazunguka juu nikipiga mluzi. Jioni akatoka na nyaya mbili, wa kushoto mfupi na mwepesi, na huu wa kulia wenye mapindo mengi. Bomba la kulia halikushuka upande wake hata kidogo. Lilivuka chini ya giaboksi, likaenda kukutana na mwenzake upande wa kushoto, yakalala pamoja ndani ya chesisi, juu, mbali na mawe na mbali na petroli, kisha yakapanda juu ya ekseli na kutokea nyuma ya gurudumu.

Nikamwambia mbele ya Bwana Harbans kwamba hayo mapindo mengine hayana maana, hasa lile la nyuma, linapinda kana kwamba linakimbia kitu ambacho hakipo. Kinuthia aliviringisha kigogo cha mti, akaomba gari lipandishwe gurudumu moja la nyuma juu yake. Ekseli ikainuka upande mmoja mpaka ikafika pale pale nilipokuwa nimechora bomba langu. Lingepondwa siku ya kwanza shambani.

"Gari ikisimama sawa inakudanganya," akasema. "Pima ikiwa imepinda."

Hakusema kwa kiburi. Afadhali angesema kwa kiburi, ningepata cha kumshika. Bwana Harbans akacheka, akafuta mchoro wangu wa chaki kwa soli ya kiatu. Alifuta polepole, huku na huku, akiendelea kuzungumza na Kinuthia. Nilisimama hapo nikitazama kiatu. Mpaka leo nikifagia hapo naruka mahali pale.

Sasa ngoja nikueleze jinsi bomba linavyopindwa, maana utafundishwa wiki ya kwanza, na utakumbuka kuwa mimi ndiye niliyetangulia kukueleza. Ukilichoma bomba tupu ukalipinda, linabonyea kama bua. Kwa hiyo unalijaza mchanga mpaka limejaa kabisa, unapigilia vizibo vya mti pande zote mbili, ndipo unalichoma kwenye makaa na kulipinda taratibu kufuata waya. Lakini mchanga lazima uwe umekaangwa juu ya bati mpaka umekauka kabisa. Ukiwa na maji, maji hayo yanageuka mvuke humo ndani, na mvuke hauna adabu, unatafuta mlango.

Mchanga wetu tulikuwa tunauleta kutoka ziwani. Na mchanga wa ziwani una tabia yake, ambayo mtoto yeyote aliyekua huku anaijua. Juu ni mweupe, unamwagika kama unga. Chomeka kidole, chini ni baridi. Ndiyo maana mama zetu wanaoanika dagaa wa omena hutandika nyavu kwanza, hawadanganyiki na weupe wa juu. Kinuthia alijua mchanga wa mito ya kwao. Huu wa kwetu alikuwa ameniachia mimi. Tulikuwa tumegawana kazi, mimi nikaange mchanga, yeye apinde.

Bomba la kushoto lilipindika vizuri. La kulia lilikuwa refu, na mchanga niliokaanga haukutosha kulijaza. Akaniambia niongeze. Nilienda kwenye lundo lililokuwa nje kando ya ukuta, nikachota karai moja. Nilichomeka kidole. Nakumbuka ubaridi wake kwenye ncha ya kidole hiki kinachoshika kalamu. Bati la kukaangia lilikuwa bado lina moto, hatua sita kutoka pale, na kazi yenyewe si zaidi ya muda wa kunywa chai. Nilirudi na karai kama lilivyo.

Aliniangalia akaniuliza, "Ogola, hii mchanga imekauka?"

"Imekauka," nikamwambia.

Hilo neno moja ndilo nililotaka kukuambia, na nimezunguka kurasa hizi zote kulikwepa. Hakukuwa na kutokujua wala kusahau. Nilitaka kizibo kiruke na bomba liharibike, Bwana Harbans aone kwamba yule wa "Kesho" naye hushindwa. Nilitaka siku moja tu ya yeye kufedheheka kama nilivyofedheheka mimi. Jicho sikulitaka. Namwambia Mungu kila siku kwamba jicho sikulitaka, na kila siku naona jibu hilo halitoshi.

Kizibo kiliruka wakati ameinama kutazama rangi ya chuma kama imeiva. Mchanga wa moto ulimpiga usoni upande wa kushoto. Hakupiga kelele. Alikaa chini, kofia yake ya sufu ikifuka moshi, akasema, "Nilipigilia kizibo mbaya." Nikambeba. Nilimpeleka hospitali, nikakaa naye benchini, na kila aliyekuja kuuliza alimwambia hivyo hivyo, kwamba alipigilia kizibo vibaya. Mimi nikatikisa kichwa kwa huzuni kama mtu anayemsikitikia rafiki. Walimtoa baada ya wiki kadhaa. Jicho la kushoto halikuona tena.

Wakati yuko kitandani mimi nilimaliza ekzosi. Mvua zilikuwa karibu na Bwana Harbans alitaka gari lake. Nilikaanga mchanga mpaka ukawa unaruka wenyewe juu ya bati, nikapinda bomba la kulia kufuata waya wake, pindo kwa pindo, na lile pindo la nyuma nililosema halina maana nikalifuata kuliko yote. Nilikata mipira ya tairi kuukuu nikaning'iniza bomba kwenye kila kitambaa chekundu. Kisha mvua zikaja, Kano ikajaa maji, na Landrova ile ikawa ndiyo gari pekee lililokuwa likipita kupeleka wagonjwa na unga. Sifa zikafika mpaka Kombewa. Mtu mmoja aliniuliza hapa barabarani, nani alipitisha mabomba yale? Nikasema, "Mimi." Na baada ya mara ya kwanza, mara ya pili haina uzito.

Kinuthia aliporudi na kitambaa usoni, gari lilikuwa hapa kwa matengenezo. Aliingia chini yake, akapapasa mabomba kutoka mbele mpaka nyuma. Mimi nilikuwa nimesimama nikiona miguu yake tu. Akatoka akasema, "Umefuata vizuri." Akaenda kunawa. Hakusema kazi ilikuwa yake wala hakuuliza habari ya sifa. Basi nikamwonea wivu hata kwa hilo, kwamba yeye hakuwa nao.

Kisha ukaja ule mwaka ambapo watu wa mji walianza kuulizana unatoka wapi kabla ya kuulizana hali. Wateja wakaacha kwenda upande wa ukuta. Usiku mmoja mlango wake ulichorwa maneno ambayo sitayaandika. Ningeweza kusimama pale barabarani, mimi mwenye mdomo mpana, nikasema huyu ni fundi wetu na asiguswe. Wangenisikia. Lakini nilikaa kimya, nikajiambia hiyo ni siasa, si kazi yangu. Ule ulikuwa wivu wangu wa siku zote, ila sasa ulikuwa umepata koti la kuvaa.

Siku anaondoka alifunga sanduku lake la mbao, akautoa waya huu ukutani akanipa. "Kaa nayo. Gari ikirudi utaihitaji." Akakupa wewe peremende, ulikuwa na miaka kumi na moja. Sijui kama unakumbuka. Mimi nakumbuka kwa sababu ulimshukuru kwa Kikuyu, na hujawahi kuniambia nani alikufundisha.

Ndipo tunafika kwako.

Mwaka juzi Bwana Harbans aliileta tena Landrova, umesahau? Nilikwenda kununua boliti. Niliporudi nilikukuta umeviringisha jiwe, umepandisha gurudumu la nyuma juu yake kwa jeki, uko chini na tochi. Ukatoka uso umejaa vumbi ukasema, "Baba, nimeona kwa nini inapinda pale. Ekseli ikiinuka inakuja hapo." Ulikuwa unang'aa. Tangu mdogo ulikuwa ukiniuliza kwa nini waya unapinda pale bila sababu, na mimi nilikuwa nakuambia ukikua utajua. Ukakua ukajua, bila mtu kukuonyesha. Mimi nilionyeshwa kwa kigogo na bado nilibisha.

Nilikujibu nini? Nilikuambia nenda kamsaidie mama yako kuchambua omena.

Siku ile niliona kwamba una jicho lake. Hukulipata kwangu. Nilikuonea wivu wewe, mtoto wangu wa kuzaa, na nikakasirika kana kwamba umeniibia. Kwa hiyo nikakupeleka taipu. Niliogopa kwamba nikikufundisha, katika mwezi mmoja utautazama waya ule na mikono yangu, na utajua kwamba mikono hii haikuupinda.

Kumbe mama yako alikuwa ameweka kadi za Krismasi za Kinuthia, kila mwaka moja, na anwani yake. Ukamwandikia. Na hapa kuna jambo lingine la kukiri, dogo kuliko la kwanza lakini bichi zaidi. Jibu lake lilipofika posta, mimi ndiye niliyelichukua. Nililifungua. Lilikaa kwenye sanduku langu la spana siku kumi na tisa kabla sijalibandika gundi na kukuletea. Ulisema bahasha imekaa vibaya, nikasema ni watu wa posta. Watu wa posta wanisamehe.

Unajua ni nini kilichonizuia nisilichome? Pale alipoandika, "Kama ni mtoto wa Ogola sina swali. Baba yako alinibeba mgongoni siku ya ajali." Niliposoma hapo nilitoka nje nikasimama barabarani bila kofia. Nilitaka kulichoma kwa sababu ya sentensi hiyo, na kwa sababu ya sentensi hiyo nikashindwa. Miaka kumi mtu huyo amekaa na jicho moja, na ninachokumbukwa nacho ni mgongo.

Sikuandikii haya ili nikuhubirie, mhubiri yuko kanisani saa hii na sauti yake inafika hapa. Ila naogopa. Utakuwa na mtu huyo kila siku, atakuonyesha kupima gari likiwa limepinda, na utampenda kama walivyompenda wateja. Siku moja mtakaa mkanywa chai, atakuambia habari ya mchanga na kizibo, na wewe umekua ziwani. Utamuuliza, mchanga ulitoka wapi? Nani aliukaanga? Utaona yote kama ulivyoliona lile pindo. Njia ya mwongo ni fupi, na hii yangu imefika Nakuru kabla yangu. Heri uyasikie kwangu, hata kama baada ya hapo hutaniita Baba kwa sauti ile ile.

Wivu nilionao sitakuambia umekwisha, ungekuwa uongo mwingine. Jumamosi nilipokuona unapasi ile ovaroli ya pili nilitaka kuificha. Nakuonea wivu kwa kuwa na mwalimu uliyemchagua. Namwonea yeye kwa kuwa na mwanafunzi niliyemfukuza. Lakini nimejifunza kitu kimoja, nimekilipia kwa jicho la mtu mwingine. Wivu ukiwa moyoni tu unaweza kuishi nao, mimi naishi nao kama mtu anavyoishi na jino bovu. Ukishuka mkononi ndipo unatafuta karai. Wewe nawe utakuwa nao, una damu yangu. Siku utakapoona fundi mwenzako amepitisha bomba mahali ambapo hukupawaza, na moyo ukakuuma, weka chini ulichoshika. Nenda ukanawe mikono. Mimi sikunawa.

Waya nimeutoa kwenye msumari. Nimeuviringisha ndani ya gunia la mama yako, uko nyuma ya mlango wa sebule. Umfikishie mwenyewe. Hapo benchini umebaki msumari mtupu, na wateja wakiuliza nitawaambia. Nimeshamwambia mmoja asubuhi, yule mzee wa baiskeli, na alinitazama sana lakini akaacha baiskeli yake.

Na sasa sababu ya Kiswahili. Ningetaka wewe peke yako usikie, ningeandika Dholuo. Lakini Kinuthia Dholuo hakuishika zaidi ya salamu, na mimi kwa Kikuyu siwezi hata kuomba maji. Kiswahili ndicho tulichokuwa tukisemezana, ndicho nilichomdanganyia. Siku utakayofika, kabla hujavaa ovaroli, muombe akae. Umsomee barua hii tangu mwanzo, usiruke hata pale nilipomwita wa "Kesho." Akikuambia urudi, panda gari moshi urudi, na nitakufundisha mimi yote ninayoyajua, ambayo sasa unafahamu si mengi. Akikuambia kaa, basi kaa, na usiniandikie kila wiki jinsi alivyo hodari. Mara moja kwa mwezi itanitosha.

Mistari hii ya mwisho ni yake. Msomee polepole.

Kinuthia, anayekusomea ni mtoto wangu Akeyo. Uliniuliza kama mchanga umekauka nikakujibu umekauka. Nilikuwa nimechomeka kidole. Ulikuwa na maji na nilijua. Kizibo ulipigilia vizuri. Njia ya mabomba ilikuwa yako, nikasema ni yangu, na watu wa Kisumu wameanza kuambiwa. Sikuombi unisamehe kwa mdomo wa mtoto, hilo nitakuja kuliomba mwenyewe, ukikubali nikanyage kwako. Jicho lako siwezi kulirudisha. Nimekutumia la nyumbani kwangu, linaloona kuliko yote niliyowahi kuyaona baada ya lako. Mfundishe mpaka akupite.

Lakini ni wangu, Kinuthia. Huyu ni wangu.

Ogola